Milimita za Dada

Ofisini mwenzetu mmoja tulimwita Mama Milimita, na mwenyewe alijua. Kazi yetu ni kupima unene wa gamba la nje la ubongo kwenye picha za MRI. Kompyuta huchora mistari miwili, mmoja ndani ya gamba na mwingine nje yake, nasi tunakagua picha moja moja kuona kama imekosea. Hukosea. Mara nyingi hulichanganya gamba na utando uliolala juu yake, basi ubongo unaopungua ukaonekana umenenepa. Mimi nilikuwa nakagua mbio mbio niwahi chai. Yeye alifuta utando ule nukta kwa nukta, na ukimharakisha alikununia mpaka kesho.

Alikuwa mpweke, sina haja ya kupamba maneno. Hakuwa na mume wala mtoto, na wazazi walishatangulia. Alibakiwa na dada yake mkubwa, aliyeishi peke yake mji mwingine. Kila saa saba mchana alimpigia simu, akaiacha mezani ikiwa na sauti juu, nasi sote tukamsikia dada: "Kijino! Umekula?" Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Utotoni dada aliteleza ngazini akiwa amembeba mgongoni; mdogo akang'oka jino, mkubwa akabaki na kibonyeo kwenye mfupa wa paji. Tangu mwaka juzi lile "umekula?" likawa linaulizwa mara tatu katika simu moja. Ndiyo maana alimshawishi dada ajiunge na utafiti wetu wa ugonjwa wa kusahau.

Majalada hayana majina, yana namba tu. Jumanne moja alifungua jalada, akaganda. Nikachungulia. Kibonyeo kilikuwa pale, upande wa kushoto wa paji.

"Mpe mtu mwingine," nikamwambia. "Ukimjua mwenyewe, huruhusiwi kumgusa."

"Nikupe wewe? Si utakwenda kunywa chai!"

Kompyuta ilisema milimita mbili nukta sita. Mwaka jana zilikuwa mbili nukta nne. Habari njema kabisa, ila mstari wa nje ulikuwa umepanda juu ya utando, hata mimi mvivu niliuona. Nakiri nilitamani auache. Alifuta kutwa nzima, hakula wala hakupiga simu, kisha akaiachia kompyuta ipime upya. Asubuhi tulikuta mbili nukta moja.

Saa saba ilipofika, akapiga. Simu iliita sana.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo, dada. Ni mimi, Kijino."

"Kijino hajarudi kutoka shule," dada akajibu kwa upole. "Akirudi nimwambie nani alipiga?"

Ofisi nzima tulijifanya tunaandika. Mama Milimita alifunika mdomo kwa kiganja, kisha akakiondoa.

"Mwambie asikawie njiani," akasema. "Mwambie dada yake anamngoja."