Kikongwe wa Miaka Ishirini na Miwili

Mimi ndiye niliyekuwa nikimzeesha. Kwa miaka thelathini na mmoja nilimketisha mbele ya kioo, nikamchora mikunjo kwa penseli ya wanja, nikampaka poda nyeupe kwenye nywele za mbele, na alipoinuka kitini alikuwa mtu wa miaka sabini na ushee. Mwanzo wake sikuushuhudia. Alinisimulia mwenyewe, vipande vipande, huku namwambia asicheke rangi isije ikapasuka.

Aliingia kwenye jumba la maigizo kama mshonaji. Mama yake alikuwa akishona mapazia, na pazia kubwa la jukwaa lilipochanika alimtuma binti yake akalitie kiraka. Binti alikwenda kwa kazi ya siku moja, akabaki. Jumba lenyewe zamani lilikuwa ghala la magunia, paa lake la bati. Mvua ikinyesha, waigizaji walipaza sauti kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto. Yeye alikaa pembeni mwa jukwaa, kwenye kigoda, pini mdomoni, akingoja zipu iharibike au pindo lifumuke. Alikaa hapo miaka mitatu. Maneno ya kila mwigizaji yakamwingia kichwani bila kuyaalika.

Siku moja, zikiwa zimebaki dakika arobaini pazia lifunguliwe, mama aliyecheza nafasi ya bibi aligombana na mwongozaji, akachukua mkoba wake akaondoka. Na wigi akaondoka nalo. Mwongozaji, mwanamume mfupi mwenye sauti iliyokauka kwa kufoka, akauliza ni nani anayajua maneno ya bibi. Kisha mkono mmoja ukainuka pale kwenye kigoda, uzi bado umezungushwa kidoleni.

Hakuwahi kuigiza hata shuleni. Alijifunga kichwani kipande cha pazia kilichobaki, akaingia. Alichokifanya ni kumkumbuka mteja mmoja wa mama yake, mwanamke mzito wa magoti, ambaye alikuwa akikaa kwa awamu mbili: kwanza mkono unakishika kiti, unakikagua, halafu mwili unafuata. Akakaa vile. Ukumbi ukacheka. Alipokaa mara ya pili, kwenye onyesho la msiba, ukumbi ukanyamaza kabisa.

Pazia liliposhuka, sauti ikatoka juu ya ngazi, kwa fundi wa taa.

"Jamani, huyu kikongwe mmemtoa wapi?"

Jina likaganda hapo hapo. Akawa Kikongwe, naye ana miaka ishirini na miwili, kiuno kama nyigu na meno yote kinywani. Baada ya miaka miwili huyo fundi wa taa akamwoa, na wenzao wakamtania bwana harusi kwamba amepata mke na mama mkwe kwa mpigo.

Igizo lililofuata lilikuwa na nafasi ya msichana anayeposwa. Akaenda kuiomba. Mwongozaji hakuinua hata macho kwenye karatasi zake.

"Wasichana wazuri ninao kumi," akasema. "Kikongwe ninaye mmoja."

Nilimuuliza alijisikiaje. Akafikiri kidogo, kope zimefumba chini ya brashi yangu. "Kama umekwenda dukani ukakuta wamefunga. Hulii. Unageuka unarudi nyumbani."

Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Alicheza bibi, mama mkwe, jirani mbeya, mkunga, mjane, mama wa askari, mama wa mwizi. Alikufa jukwaani mara arobaini na kitu, mpaka mumewe akawa anamuuliza asubuhi, "Leo unakufa au unazika?" ili ajue amsubiri saa ngapi. Wasichana wazuri kumi wakaolewa, wakanenepa, wakaacha kazi, wakaja wengine kumi. Yeye alikuwepo.

Mimi nilimkuta akiwa na miaka thelathini na nane, alipohamia televisheni. Alipewa nafasi ya mama mkwe katika tamthilia iliyokwenda miaka kumi na tisa. Mama mkwe mwenyewe hakuwa na huruma: alikuwa akihesabu vipande vya nyama kwenye sufuria ya mkaza mwanawe. Siku moja niliandamana naye sokoni. Muuza nyanya akamtazama, akafunika nyanya zake kwa gunia.

"Sikuuzii," akasema. "Mpaka umwache yule binti apumue."

"Dada, yule ni mwigizaji mwenzangu. Jana tumekula pamoja."

"Ndiyo zenu. Mnamchekea mchana, usiku mnamtesa!"

Tukarudi na vitunguu tu. Nilicheka njia nzima. Yeye alikuwa ametulia, kama mtu aliyeulizwa njia na mpita njia, akajibu, akaendelea na safari.

Kilichompa sifa kuliko vyote ni machozi. Wengine walikuwa wakijipaka dawa kali ya kuchua chini ya macho, wengine wakikata kitunguu nyuma ya pazia. Yeye alimuuliza mpiga picha kamera iko upande gani, kisha jicho la upande huo likatoa chozi. Moja. Likishuka shavuni, yeye anasema maneno yake bila kwikwi. Waongozaji walikuwa wakileta wageni waje waone.

"Unafikiria nini unapolia?" nilimuuliza.

"Sifikirii kitu. Nafungua, yanatoka. Nafunga."

"Hivyo tu?"

"Wewe unachora kikunjo, unazeeka?"

Nikaendelea kupaka.

Mumewe hakumfuata televisheni. Alibaki na ghala lake la bati na taa zake. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono yenye makovu ya kuungua. Kikongwe aliniambia jambo moja kuhusu yeye, nalo alilisema mara moja tu. Miaka yote ile ya jukwaani, mwongozaji akiagiza taa imwangukie msichana katikati, mumewe alikuwa akiisogeza kidogo, upana wa kiganja, ili ukingo wake umguse na bibi aliyekaa pembeni. Mwongozaji hakugundua kamwe. Mume na mke hawakuwahi kulizungumza.

Mumewe aliamka Jumanne moja akasema mkono wake mzito. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefia hospitali, kwenye benchi la kusubiria, kichwa begani kwa mkewe. Mkewe alidhani amesinzia. Aliniambia kwamba alikaa vile vile, bila kusogea, asije akamwamsha, mpaka muuguzi akaja na faili.

Msibani nyumba ilijaa. Watu wa jukwaani walikuja, watu wa televisheni walikuja, na majirani waliokuja nusu kuomboleza nusu kutazama. Wote walikuwa wakimwangalia yeye. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, mikono magotini, akimjibu kila anayempa pole, akimkumbusha binti yake apeleke maji nje. Macho makavu. Mazishini vile vile. Nilisimama nyuma yake na nilimwona akitazama lile kaburi kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Wifi yake, dada wa marehemu, mwalimu mstaafu mwenye mdomo usiojua mapumziko, alivumilia mpaka tuliporudi nyumbani. Kisha akasema, mbele ya watu:

"Wifi, kwenye tivii unalia mpaka tunakosa kula. Kwa kaka yangu hata unyevu?"

Kikongwe akamtazama.

"Umeketi kwenye baridi," akamwambia. "Sogea huku."

Wifi hakusogea. Aliinuka akaenda zake.

Sasa katika tamthilia, kama mkosi, mume wa yule mama mkwe alikuwa amepangiwa kufa wiki hiyo hiyo. Mwandishi alikuja mwenyewe nyumbani, kofia mkononi, akasema wataahirisha, wataandika kitu kingine.

"Mtaahirisha mpaka lini?" akasema Kikongwe. "Nguo nyeusi ninayo tayari."

Jumatatu tukaenda kazini. Nilimpamba. Chumba cha kuigizia kilikuwa na kitanda, shuka jeupe, na mwigizaji mzee amelala anashikilia pumzi. Mwongozaji akasema anza. Na yeye akalia. Sijapata kuona kilio kama kile, wala sitaki kukiona tena. Kilianzia mabegani, kikapanda, akamshika yule mzee miguu, akaisugua kama anaipasha moto. Mshika kipaza sauti alikuwa akifuta pua kwenye mkono wa shati. Mwongozaji alisahau kusema kata.

Hatimaye akasema. Nikakimbia na kitambaa. Nilidhani nitamkuta amevunjika. Alinitazama kwenye kioo kidogo nilichokuwa nimeshika.

"Kulikuwa na kivuli hapa shavuni," akasema. "Waambie tufanye tena."

Tukafanya tena. Mara tatu.

Onyesho lilipotoka, nchi nzima ilililia. Wifi naye aliliona, na hakukanyaga nyumba ile kwa miaka kumi na minne. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliniambia baadaye kwamba alimfuata mama yake jikoni, akamkuta anapepeta mchele.

"Mama, mbona kule ulilia?"

"Kule niliambiwa nilie."

"Na kwa baba?"

Ungo ukaendelea kidogo, kisha ukasimama. "Kwa baba hakuna aliyeniambia."

Binti hakujua kama ule ni mzaha. Nami sijui. Alimaliza masomo yake, akawa mfamasia, akaenda kuishi mji mwingine. Kila Jumapili alipiga simu, wakazungumza juu ya bei za vitu na hali ya hewa.

Miaka ilikwenda. Penseli yangu ikapata kazi ndogo zaidi na zaidi. Kila mwaka nilikuta mikunjo miwili mitatu imeshachorwa na mwenye kazi yake, nami nikaipita. Alikuwa na miaka sitini na tisa aliposimama mlangoni msichana mmoja aliyevaa raba, begi mgongoni, akasema yeye ni mwongozaji na ana filamu. Ilihusu karani wa stesheni ya treni ambayo treni hazisimami tena, na karani anakataa kuondoka. Karani ndiye filamu nzima. Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na saba, Kikongwe alipewa nafasi ya katikati.

"Kuna jambo moja, mama," yule msichana akasema. "Usilie. Hata mara moja."

"Basi unataka nini?"

"Uso tu."

"Wenye nini?"

"Wako, mama. Ulivyo."

Asubuhi ya kwanza alikaa kwenye kiti changu akajitazama muda mrefu. "Nimeambiwa nije na uso wangu," akasema. "Wewe ndiye umekaa nao. Uko wapi?"

Nilimpaka mafuta kidogo, nikafuta midomo. Sikuwa na kazi nyingine. Kwa siku ishirini na sita alikaa kwenye benchi la stesheni, akafagia, akafungua dirisha la tiketi na kulifunga, na kamera ikamkaribia mpaka nikadhani itamgusa. Hakufanya chochote. Kila jioni alikuwa akiniuliza, "Wameridhika? Mbona mimi sijafanya kitu?"

Siku ya kuonyeshwa filamu alikaa kati yangu na binti yake. Baada ya nusu saa nikaanza kusikia watu wakipenga makamasi gizani. Binti alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Kikongwe aliitazama ile sura kubwa ukutani kama mtu anayemtazama jirani kupitia dirisha, kwa adabu, asionekane mdaku.

Wakampa tuzo. Alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, ukumbi mzima umesimama.

"Asanteni," akasema. "Mimi nilikuja kushona tu."

Wakadhani ni utani, wakapiga makofi mpaka taa zikatikisika.

Wiki mbili baadaye wifi alibisha hodi. Alikuwa amechakaa, anatembelea fimbo, macho yana ukungu. Mimi nilikuwepo, nimempelekea mafuta ya mgongo. Wifi alikaa, akakataa chai, akaikubali, akaishika bila kunywa.

"Nimeiona hiyo filamu," akasema. "Binti yako alinipeleka."

"Ahaa."

"Pale unapofunga dirisha la tiketi. Siku ya msiba ulikuwa na uso ule ule. Ule ule, wifi. Mimi nilikuwa naangalia machozi, sikuuangalia uso."

Wifi akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, cha kukwaruza. "Nisamehe."

"Chai inapoa," Kikongwe akasema, akamsogezea sukari.

Wifi alipokwenda uani kunawa uso, niliinama nikamuuliza mwenzangu amesikia nini moyoni. Alitikisa kichwa taratibu.

"Nilingoja nisikie kitu. Sikusikia. Ila sitaki aondoke."

Hakuondoka. Alikuja na begi moja Ijumaa, akaleta la pili mwezi uliofuata, akachukua chumba cha binti. Mwaka huo huo maneno yakaanza kumponyoka Kikongwe kazini. Kwanza jina la mtu, kisha sentensi nzima. Nafasi yake ya mwisho ilikuwa mgonjwa kitandani asiye na neno hata moja, na aliporudi nyumbani alimpigia mwongozaji simu akamwambia basi, imetosha. Hakufanya sherehe.

Huwa naenda kuwaona Alhamisi. Wanagombana juu ya dirisha: mmoja analifungua, mwingine analifunga. Wiki iliyopita niliingia nikiwa na habari, nikaanza kuzimwaga kabla sijakaa. Wifi alikuwa amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi, miguu inaning'inia. Kikongwe alikuwa amepiga magoti sakafuni, na magoti yenyewe siku hizi ni mazito, akisukuma mto chini ya nyayo za mwenzake, kidogo kidogo.

Aliniangalia, akaweka kidole mdomoni.

"Sema taratibu," akaninong'oneza. "Jana hakulala."