Ushungi Wangu na Kofia ya Metroni

Ushungi wenyewe niliukata kwenye melikani mpya, nikaupinda kwa mkono, nikaufua na kuupiga pasi. Miaka ile ya hamsini Waingereza walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa nimetoka Pangani kuja kusomea uuguzi katika hospitali ya serikali mjini Tanga. Nilikaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Nguvumali.

Asubuhi ya kwanza wasichana wapya tulipangwa mstari, tukakaguliwa kucha na viatu. Metroni, mkuu wa wauguzi, Mwingereza mwenye sauti kavu, aliponifikia akasimama. Nilikuwa nimevaa sare kama wenzangu, na ile kofia ndogo ya wauguzi nimeibana kwa pini juu ya ushungi.

"Toa hiyo nguo kichwani."

"Ni safi, mama. Nimeifua jana."

"Hii hospitali ya serikali. Serikali haina dini. Toa!"

Nilimtazama. Kichwani mwake kulikuwa na kitambaa cheupe kilichotiwa wanga, kimemshuka hadi mabegani. Watawa wa misheni nao walikuwa wakija wodini kuwaona wagonjwa, wamejifunika tangu utosini, na hakuna aliyewaambia kwamba serikali haina dini.

"Mbona wewe umejifunika?" nikamuuliza.

Wenzangu waliinamisha vichwa. Metroni aliiva uso. "Kesho umlete baba yako," akasema.

Baba alipelekewa habari Pangani, akaja amevaa kanzu na kofia yake ya viua. Nilimpokea langoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umemtukana mtu?"

"Nimeuliza swali tu."

Kwenye mlango wa ofisi ya mkubwa wa hospitali, tarishi alituzuia. Alikuwa Mwislamu mwenzetu, mtu wa Moa, na alisema huku akitazama sakafu: "Mzee, kofia. Bwana mkubwa hapendi."

Baba akaivua. Sikuwahi kumwona kichwa wazi mbele ya watu wa nje. Alisimama mbele ya meza ile na kofia mkononi, hakupewa kiti, na yule bwana alisema naye bila kuinua macho. Mlango ulikuwa wazi, niliyaona yote.

Alipotoka alisema, "Wanataka uvue au uondoke. Mimi sikulazimishi."

"Lakini wewe umevua, baba."

"Nimevua ili wewe usome."

"Basi sisomi."

Nikachomoa pini, nikaiweka ile kofia ndogo juu ya meza ya tarishi, tukaondoka.

Shangazi alinigombeza siku nzima. "Kazi ya maana unaitupa kwa kitambaa!" Angemwona kaka yake amesimama vile, asingesema.

Nilirudi Pangani, bibi yangu akanifundisha ukunga wa nyumbani. Nimepokea watoto wengi. Lakini mwaka mmoja mama kijana alijifungua mikononi mwangu, damu ikatoka, ikakataa kukatika. Nilifanya yote niliyofundishwa na bibi. Nilijua kwamba kule Tanga wenzangu walikuwa wamefundishwa zaidi ya hayo. Alikufa kabla ya kumnyonyesha mwanawe.

Watu walisema ni kudra. Sikuikana kudra. Nilimwosha, nikamkafini, kisha nikakaa kibarazani na hasira yangu: kwa metroni, kwa yule bwana asiyeinua macho, na kwa mkono wangu ulioiacha ile kofia ndogo juu ya meza.