Ufunguo wa Goli la Shimoni

Chuma cha goli hakilali uwanjani Chanika. Ukikiacha mpaka asubuhi utakuta mashimo mawili na alama za tairi la toroli, na chuma chenyewe kimeshafika kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Wachezaji wa Mchanga Stars waliibiwa goli mara moja, ikawatosha. Toka siku ile, mazoezi yakiisha, boliti zinafunguliwa, nguzo zinawekwa mabegani na kila moja inalala nyumbani kwa mtu.

Ile nguzo ya juu, inayoitwa mtambaa panya, ililala kwa golikipa. Hakuna kikao kilichopitisha jambo hilo. Watu waliona tu kwamba anayelilinda goli mchana hashindwi kulilinda usiku.

Golikipa alikuwa Faraji Mwishehe, kijana mrefu, mwembamba, mwenye viganja vipana kama sahani. Asubuhi alifyatua matofali ya saruji kwenye kiwanja cha mtu, jioni alikuwa Shimoni, uwanja wao, ulioitwa hivyo kwa sababu upande mmoja umepakana na shimo la zamani la kuchimba mchanga. Mpira ukipaa juu ya goli la upande ule, kipa ndiye anayeshuka kuufuata. Faraji alikuwa anashuka bila kunung'unika, na labda ndiyo maana alijifunza kutoruhusu mpira upite.

Alipanga chumba kwa Bi Wahiba, mama wa Kiarabu mwenye duka mbele ya nyumba. Ukuta wa ubavuni mwa nyumba ile ni mrefu, una madirisha mawili yenye nondo. Faraji aliulaza mtambaa panya chini ya madirisha hayo, akaufunga kwa mnyororo kwenye nondo, akatia kufuli alilonunua kwa pesa yake. Ufunguo ulikuwa mmoja, ameufunga kwenye kamba ya begi la glavu. Siku za mechi Bi Wahiba alikuwa akimtolea sahani ya wali na samaki dirishani. "Kipa mwenye njaa ataruka na nini?" alikuwa akisema, na sahani hairudi ndani mpaka iwe tupu.

Mshahara Mchanga Stars haikuwa nao. Ikishinda ndondo, yale mashindano ya timu za mitaani, watu wanachinja mbuzi na kula pamoja. Ikifungwa, wanakula maneno ya mtaani, pamoja vilevile.

Basi baada ya ndondo ya mwaka mmoja, Faraji alipodaka penalti mbili na watu wakaingia uwanjani kumbeba, alikuja bwana mmoja mwenye simu mbili na sauti ya upole. Aliitwa Suleiman, kazi yake kuwatafutia wachezaji timu. Alimkuta Faraji ananawa miguu bombani.

"Dogo, nimekuona. Kuna klabu mjini inataka kipa. Mshahara kila mwezi, kambi Sinza, chakula juu yao. Ila dirisha la usajili linafungwa kesho. Gari hili hapa."

"Nikawaage wenzangu kwanza," Faraji alisema.

"Utawaaga kwa simu. Siku hizi nani anaaga kwa miguu?"

Faraji akamfikiria mama yake, Somoe, pale Mbagala, anavyozisogeza ndoo chumbani mvua ikianza. Akakunja nguo zake, akachukua begi la glavu, akapanda gari. Bi Wahiba alikuwa amekwenda msibani. Kodi ya mwezi ule aliiacha kwa jirani, lakini neno la kuaga hakuliacha kwa mtu yeyote. Na kwa simu hakupiga. Kila alipoishika aliona hajui aanzie wapi, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo lile la kuanzia lilivyozidi kuwa gumu.

Mjini hakuna aliyemdhulumu, na mpaka leo Faraji hapendi kumsikia mtu akisema hivyo. Mshahara ulikuja. Godoro lilikuwa zuri, mayai kila asubuhi, daktari wa timu alimpima mpaka macho. Kilichokosekana ni mpira. Alikuwa kipa wa tatu. Washambuliaji wakitaka kufanya mazoezi ya kupiga mashuti, Faraji anaitwa asimame golini. Siku ya mechi anavaa suti ya mazoezi, anakaa jukwaani pamoja na watazamaji, anashangilia kama wao. Akiumwa goti, anapewa dawa ya kuchua. Akinyamaza mezani, hakuna anayeuliza amekula au hakula.

Wiki ya pili alimwaga vitu vya begi la glavu ili alifue. Ufunguo ukaanguka sakafuni.

Aliuangalia kama mtu aliyekuta mtoto wa watu ndani ya mzigo wake. Mara moja akajipoza: wameshalikata. Kufuli lile la bei rahisi, msumeno wa chuma unalimaliza kabla chai haijapoa. Akaurudisha ufunguo mahali pake.

Lakini kwenye kundi la simu la Mchanga Stars, ambamo hakuna aliyemtoa, siku moja ikaja picha. Mudathir, muuza mikate waliyemweka golini badala yake, alikuwa hewani amejinyoosha, na juu yake palikuwa na mrunda wa mkaratusi umefungwa kwa kamba, umebonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Chini mtu ameandika: "Kipa mpya, goli jipya. Vyote vimepinda."

Faraji alicheka peke yake, halafu kicheko kikamkauka. Kama wanatumia mti, basi chuma hakipo. Kimeibiwa. Kimeibiwa pale ukutani kwa sababu aliyekuwa akilala karibu nacho aliondoka. Wazo hilo likamkaa, likala naye mayai asubuhi, likakaa naye jukwaani. Akaanza kujutia safari yake, na hata mshahara ukiingia alikuwa anautuma nusu Mbagala haraka, kama kitu kinachomuunguza mkononi.

Msimu ulipokwisha klabu ikaleta kocha mpya, naye akaja na makipa wake. Faraji alipewa mkono, akaambiwa ahsante. Akabeba begi lake, akaenda kwa mama yake.

Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha Mbagala. Somoe alikuwa ameketi juu ya mkeka anachambua mchele, na juu ya kichwa chake bati jipya linapiga kelele za kuchangamsha. Hakukuwa na ndoo hata moja chumbani.

"Mama, ningejua nisingekwenda," Faraji alisema.

"Ungebaki Chanika?"

"Ningebaki."

"Na mie ningebaki nikilowa." Akapepeta mchele, akacheka kidogo. "Usiitukane pesa iliyoniezekea, mwanangu. Kila mvua ikija mie nakuombea dua, na dua hiyo siirudishi. Ila kama wale wenzio umewakosea, sema umewakosea, hapo tutaelewana. Umewakosea?"

"Nimewakosea. Wamepoteza goli kwa ajili yangu."

"Basi unanisimulia mie wa nini? Mie nina goli?"

Mvua ilipokatika akaenda. Njiani alijipangia maneno: ataanza na samahani, atafuatia na habari ya chuma, kwamba atafyatua matofali mpaka anunue kingine, na mwisho, wakimruhusu, ataomba acheze. Hilo la mwisho ndilo alilolitaka kuliko yote, na ndilo aliloliogopa. Timu nyingine zilikuwepo. Lakini yeye alitaka kusimama Shimoni tena, na kama Shimoni wangemkataa aliona mpira wenyewe ungekuwa umekwisha.

Huwezi kufika uwanjani bila kupita dukani kwa Bi Wahiba. Alikuwa anampimia mteja sukari.

"Shikamoo, Bi Wahiba."

"Marahaba. Nani?"

"Faraji."

"Faraji yupi? Faraji wangu mie akitoka huwa anaaga."

Mteja akacheka, akachukua sukari yake, lakini hakuondoka. Faraji alitazama miguu yake.

"Nisamehe, mama."

"Zunguka ubavuni kwanza," Bi Wahiba alisema. "Ukirudi ndiyo tusalimiane."

Akazunguka. Chini ya madirisha mawili kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa mifuko ya saruji iliyoshonwa pamoja. Akafunua upande mmoja. Rangi nyeupe, mkwaruzo ule wa mpira uliogonga siku ya penalti. Mnyororo. Kufuli lake.

Alichuchumaa, akaligusa. Vidole vikateleza, kufuli lilikuwa na mafuta.

"Wenzio walikuja na msumeno," Bi Wahiba alisema nyuma yake. Alikuwa amemfuata, miwani mkononi. "Nikawaambia, hili kufuli la mtu, na mwenyewe yu hai. Mkilikata ni kama mmemtoa katika hesabu. Kocha wenu Khalfani akafikiri, akasema, basi sie tutacheza na mti. Wakaenda kutafuta mkaratusi, na kelele zao."

"Msimu mzima?"

"Msimu mzima wametaniwa na kila timu iliyokuja. Na mie kila Ijumaa nalitia mafuta ya cherehani." Akavaa miwani yake, akamtazama vizuri. "Nilijua siku ukirudi utakuja na aibu. Kutu tena ya nini?"

Faraji akashusha begi begani. Akafungua kamba ya begi, akatia ufunguo. Kufuli likafunguka kama lililofungwa jana.

Bi Wahiba alikuwa ameshapiga simu. "Khalfani, njooni mchukue goli lenu. Ndiyo, mwenyewe karudi. Kakonda."

Khalfani, kocha wa Mchanga Stars, ni fundi pikipiki, mtu mfupi asiyejua kuongea polepole. Alikuja na nusu ya timu nyuma yake. Faraji akasimama wima, maneno yake tayari, lakini Khalfani alipita moja kwa moja kwenye chuma.

"Shika upande huo."

Wakakiweka mabegani, Khalfani mbele, Faraji nyuma, wengine katikati. Njiani Faraji aliona hana budi kusema, japo anauambia mgongo.

"Mwalimu, mie nimewakosea."

"Angalia kulia, kuna dimbwi."

"Niliondoka bila kuaga."

"Tuliona. Inua kidogo."

"Nikajua chuma kimeibiwa, nikaona aibu hata kupiga simu..."

"Faraji!" Khalfani alisimama, na wote wakasimama. "Ukiongea bega linashuka, uzito wote unakuja kwangu. Umekosa, umesema, tumesikia. Sasa beba."

Wakacheka mpaka chuma kikayumba. Faraji naye akacheka, machozi yanamtoka, na mikono yote miwili imeshika chuma hivyo hakuweza kuyafuta.

Uwanjani Mudathir alikuwa ameshapanda kufungua kamba za mkaratusi. Mti ukaanguka chini, watu wakaupigia makofi ya kuuaga. Chuma kikapanda, boliti zikakazwa. Mudathir akarudi nyuma hatua chache, akalitazama goli.

"Kumbe liko juu hivi! Nyie mlikuwa mnanifundisha kudaka kwenye banda la kuku?"

Khalfani akamgeukia Faraji, sasa uso kwa uso. "Nikwambie ukweli. Kipa wetu ni Mudathir. Alidaka chini ya mti uliopinda hakulalamika. Simtoi."

"Sikuja kumtoa, mwalimu. Nimekuja kuomba niwepo."

"Kuwepo ni benchi."

"Benchi nimelisomea," Faraji alisema. "Msimu mzima, na wenyewe walinilipa."

Hapo hata Khalfani alishindwa kujizuia. Akamtupia glavu.

Mazoezi yalipoisha wakafungua goli kama desturi. Faraji alichukua ufunguo, akamnyooshea Mudathir mbele ya wote, kwa sababu ndiyo haki: mtambaa panya unalala kwa golikipa, na golikipa ni yeye.

Mudathir aliutazama ufunguo, akajikuna shingo.

"Aa, braza, kwetu ukuta mfupi. Chuma kitatokeza barabarani, bajaji zitakigonga."

Nyumba ya kina Mudathir ina ukuta mrefu kuliko nyumba zote za mtaa ule. Kila mtu pale anaijua. Mmoja akainama kufunga kamba za kiatu, mwingine akaanza kukusanya mipira.

"Basi nitakaa nao mie," Faraji alisema.

"Kaa nao wewe."

Siku hizi Faraji anafyatua matofali tena, na amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Wahiba. Mechi nyingi anaziangalia akiwa kwenye benchi, ambalo ni gogo la mnazi, wanakaa sita na wa saba anaanguka. Akiketi kuna anayemuuliza goti linaendeleaje, na kuna anayemmegea mhogo. Mara moja moja Mudathir akibanwa na mikate yake, Faraji anasimama golini, na mpira ukipaa anashuka shimoni kuufuata, bila kunung'unika. Bati la Mbagala halivuji. Akiulizwa kama anajuta, anasema anajuta namna alivyoondoka. Halafu anaanza kuwataja watu, mmoja mmoja, mpaka muulizaji anasahau alichouliza.

Jioni anapofunga mnyororo chini ya madirisha yale yale mawili, Bi Wahiba anausikia kutoka ndani.

"Nani huyo?"

"Mwenye kufuli, mama."

Na akitaka kwenda kumwona Somoe, hata kama ni kwa usiku mmoja, anamwachia Mudathir ufunguo, kisha anasimama mbele ya duka, wateja wote wanasikia.

"Bi Wahiba, naenda Mbagala. Kesho narudi."

"Mie nimekuuliza?" anajibu Bi Wahiba, na anamfungia mfuko wa sukari ampelekee mama yake.