Bastola ya Kuendea Machame

Elieshi alipomwambia Humphrey kwamba anataka kununua bastola, mzee yule alipaliwa na chai. Alikohoa mpaka miwani ikamdondoka. Lakini Humphrey hajawahi kuulizwa habari ya silaha akanyamaza. Akaokota miwani, akajifuta mdomo, akauliza, "Ya kuweka pochini au ya kuweka chini ya mto?"

Walikuwa sebuleni kwa Elieshi, Ilford huku Ulaya, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Elieshi ni mjane wa miaka sitini na saba, nesi mstaafu, Mama Shose kwa waliomzoea, na tiketi ya kurudi kuishi Machame ameshakata. Humphrey alikuwa askari polisi Moshi, mkufunzi wa shabaha enzi zake. Sasa anaishi kwa mwanawe mtaa wa pili. Ukikutana naye kanisani atakusimulia kila bunduki aliyopata kuishika, utake usitake.

"Teremsha sauti," Elieshi akamwambia. "Kuta za hapa ni karatasi. Jirani akisikia neno bastola, tutatolewa humu na pingu. Si ya hapa, ni ya nyumbani. Kibali nitaomba hukohuko kwa utaratibu. Nataka tu niende nikijua ninachokitaka."

Na alikuwa na sababu. Desemba iliyopita alikwenda kukaa wiki chache katika nyumba yake, nyumba aliyoijenga kwa miaka ya zamu za usiku hospitalini. Iko ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba yao, na mwanamke kujenga kwenye kihamba, urithi wa wanaume, wakati kaka yake yupo hai, jamani, maneno yake mnayajua. Hata hivyo kaka yake Anaeli alikubali, akasimamia mafundi, akabaki na funguo. Basi jioni moja umeme ukakatika, wanaume wawili waliofunika nyuso wakaingia. Walimsukuma akaangukia meza, mkono ukateguka. Wakabeba redio na birika la umeme. Pochi yake ilikuwa juu ya kochi, na hakuna aliyeigusa.

Tangu siku hiyo, hata hapa Ilford, anakagua kitasa, anakwenda kitandani, anarudi kukikagua tena. Na Anaeli kila akipiga simu wimbo wake ni uleule: "Dada, huku pamechafuka. Kaa huko ule pensheni yako kwa amani." Amani gani? Mtu anaruka kila tarishi wa posta akitumbukiza barua mlangoni!

Elieshi akatoa simu na kumwonyesha Humphrey picha aliyoihifadhi: kabastola kadogo, mpini wa rangi ya waridi. "Kanaingia kwenye mkoba wangu wa kanisani."

"Hako katakuvunja kidole, Mama Shose," Humphrey akasema, amekasirika kabisa. "Watu wanadhani kadogo ndiko kanakomfaa mtu mzima anayeanza. Wapi! Kakiwa kepesi, teke lake lote linaishia mkononi mwako. Utapiga risasi moja, ya pili utaiogopa. Wewe unataka ya wastani, yenye uzito kidogo, mpini uujaze mkono."

Akaeleza. Ile yenye magazini, kasha la risasi mpinini, ina chuma juu ambacho lazima ukivute nyuma kwa nguvu kabla ya kupiga. Rivolva, ile ya silinda inayozunguka, haina hiyo kazi, unajaza risasi na kufunga, ila kifyatulio chake kizito. Akavitazama vidole vya Elieshi, vimevimba vifundoni kwa baridi yabisi. Kisha akaenda jikoni, akarudi na chupa ya dawa ya kusafishia vioo, ile ya kufinya.

"Nyoosha mkono. Lenga kalenda. Finya polepole, mkono usicheze."

Elieshi akafinya. Dawa ikaruka ikamwagikia uso wa askofu kwenye kalenda ya usharika.

"Loo! Umemmaliza baba askofu!" Wakacheka mpaka Elieshi akashika mbavu. Ilikuwa siku nyingi hajacheka hivyo. Akafinya tena na tena, mpaka kalenda yote ikalowa.

"Utaweza. Rivolva," Humphrey akakata shauri. "Na ufundishwe na mwalimu, usijifundishe kwenye simu. Sasa sikiliza kubwa kuliko yote. Usimwelekezee mtu kabla hujamjua ni nani. Giza, mtu yuko mlangoni. Ni mwizi, au ni mtoto wa jirani kaja kuomba kibiriti?"

"Nitamjua."

"Utamjuaje naye kafunika uso?"

"Namjua, Humphrey. Tangu siku ile namjua."

Akaiweka chupa mezani. "Nilipoanguka, yule aliyenisukuma aliniambia, 'Pole, shangazi.'"

Mtu wa kwetu akiona mtu mzima ameanguka, pole inamtoka yenyewe, hata kama ni yeye aliyemwangusha. Na vijana wote wa Machame humwita Elieshi mama au bibi. Wa kumwita shangazi ni mmoja tu, Godlisten, mtoto wa pekee wa Anaeli, aliyesomeshwa na Elieshi mwenyewe tangu darasa la vidudu.

Humphrey akavuta kiti karibu. "Umemwambia Anaeli?"

"Nimwambie mtoto wake ni jambazi? Ndugu yangu atakufa kwa aibu."

"Basi hiyo bastola unamnunulia nani?"

Simu ya Elieshi ikaita. Kwenye kioo ikatokea picha ya Godlisten. Akaitazama ikiita, kisha akaipokea na kuweka spika, Humphrey asikie.

"Shikamoo shangazi. Baba kasema umeshakata tiketi. Nije kukupokea uwanja wa ndege?"

"Marahaba. Godlisten, siku ile ulinipa pole. Sikukujibu."

Mbwa akabweka huko Machame.

"Nimeshapoa, mwanangu. Mkono umepona. Niambie tu ulikuwa na shida gani. Si ungeniomba?"

Kijana akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekibana muda mrefu. "Hatukuja kuiba, shangazi. Baba ndiye aliyetupa ufunguo. Alisema tukutishe tu, urudi zako Ulaya usije tena. Alisema tusikuumize. Mimi nilikusukuma vibaya, kulikuwa giza."

Elieshi alishika ukingo wa meza. Alikuwa amemficha kaka yake jambo hili mwaka mzima, asije akaumia.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko ndani kwako. Tulishahamia tangu Pasaka."

Simu ikakatika. Huko chini mwenye duka alikuwa akishusha milango ya chuma, ikipiga kelele. Humphrey akavua miwani yake, akaisafisha kwa shati, hakuivaa tena.

"Pole, Mama Shose," akasema. "Pole sana."

Elieshi akafungua mdomo amjibu 'Nimeshapoa' kama mtu anavyotakiwa kujibu, na neno halikuja.