Sitaacha Kozi ya Kupima Ardhi Ili Amu Apate Usingizi

Jina langu lifichwe, na kijiji pia. Semeni tu natoka upande wa Othaya, Nyeri. Nina miaka ishirini na miwili, kifungua mimba, na baba alishafariki. Nasomea upimaji wa ardhi Nairobi, msichana peke yangu darasani, nimebakisha mwaka mmoja. Wavulana walinicheka hadi wakachoka wenyewe. Hao si shida yangu.

Shida ni amu, mdogo wa marehemu baba. Nilipoingia chuo alijigamba soko zima ati mtoto wa ndugu yake atakuwa saveya, kazi tuliyozoea kuona ikifanywa na Wazungu. Leo huyo huyo ndiye anataka niache, nihamie ualimu! Na kilichombadilisha nakijua.

Likizo hii nilikuja na kamba ya kupimia nifanye mazoezi. Mama akashika mwisho mmoja, tukafuata mpaka wetu na amu. Huku kwetu mpaka hupandwa matoka, maua ambayo wazee huyapanda kwa kiapo, na anayeyasogeza hulaaniwa. Nilipopima, nikakuta matoka yameingia ndani ya shamba letu. Bikoni ya chuma iliyowekwa na serikali kuonyesha mpaka, baba akiwa hai, nikaiona ng'ambo ya matoka, imefunikwa na majani ya ng'ombe wa amu. Mama akaachilia kamba. Nikageuka, amu huyo amesimama, anatutazama.

Jumapili baada ya kanisa akawaita wazee wa ukoo. Akapaza sauti, "Ati msichana apime ardhi? Mwanamke hagusi mpaka! Huyu atatuletea laana. Aende ualimu, ama mama yake arudi kwao." Wazee wakaitikia. Hata mmoja hakumuuliza mbona hakuyasema hayo nilipoanza masomo. Ngai! Nilichemka. Nikainuka niwaambie laana iko juu ya nani, mama akanivuta sketi.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Wewe utaenda. Mimi ndiye nitabaki naye."

Tangu siku hiyo mama ananisihi nikubali ualimu ili tuishi kwa amani. Inaniuma, kwa sababu yeye ndiye aliyechuma kahawa kwenye baridi ya asubuhi ili nisome. Ualimu ni kazi nzuri, lakini sitausomea ili mwizi alale vizuri. Jumatatu narudi chuo, atake asitake, na cheti nitakichukua.

Kwa hivyo wasomaji, msiniambie niombe msamaha, sikukosea mtu. Wala msiniambie mambo ya waume, ati nani ataoa saveya. Nishaurini hili moja tu. Nimwite chifu na wazee tukaifunue ile bikoni mbele ya macho yao kabla sijaondoka? Au ninyamaze mwaka mzima, mama akibaki peke yake na mtu anayejua kwamba tunajua?