Ulthwaite wa Ulthwaite

Isaac Ulthwaite alizaliwa Ulthwaite, akakulia Ulthwaite, na alikusudia kufia hapo hapo, katika nyumba ya mawe iliyobanwa kati ya kijito na mlima huko Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Watu wa mabonde yale wana mazoea ya kumwita mtu kwa jina la shamba lake, hata awe na jina zuri namna gani la ukoo. Jirani yake wa ng'ambo ya kijito ni Mounsey, lakini hakuna anayemwita hivyo. Ni Birkhow tu, kwa sababu anafuga katika shamba la Birkhow. Isaac alikuwa na bahati iliyowatia wengine kijicho kidogo: jina la ukoo na jina la shamba kwake lilikuwa moja.

Kwa miaka mingi hakulifikiria jina hilo. Alikuwa na kondoo wa kufikiria, na mke mgonjwa. Mke akafa. Binti yao, Hazel, alikuwa amekwisha kuolewa mjini Preston, na mtoto wa kiume hawakujaliwa. Ndipo kipupwe kimoja akaja mwanamke wa chuo kikuu kuzungumza katika ukumbi wa kijiji juu ya majina ya mabondeni, na Isaac akaenda, nadhani kwa sababu ukumbini kulikuwa na joto kuliko kwake. Mwanamke yule alieleza kwamba yapata miaka elfu iliyopita Wanorse, mabaharia wa Norwei ya kale, walivuka kutoka Ireland wakaingia mabondeni, wakafyeka misitu na kulisha mifugo, na kwamba jina kama Ulthwaite huenda lilitoka kwao: mahali palipofyekwa na mtu aitwaye Ulf. Huenda, alisema, na akarudia huenda. Isaac alitoka ukumbini na kila kitu isipokuwa hiyo huenda.

Kuanzia hapo hakushikika. Alimtaja Ulf kama mtu anavyomtaja babu aliyezikwa juzi. Akijenga ukuta wa mawe ulioanguka, husema Ulf ndiye aliyeanza kazi hii. Kwenye baa walimtania, wakamuuliza mashua yake ameiegesha wapi, naye hakukasirika.

"Cheka tu, Birkhow," alisema. "Wenzako walipofika hapa, sisi tulishamaliza kufyeka."

Na mimi simlaumu. Mtu aliyezika mkewe, na asiye na wa kumwachia zizi, alikuwa amejipatia jamaa wa miaka elfu. Nyumba ilipokuwa kimya, walikuwepo.

Lakini shamba halikuwa lake. Alipanga, kama baba yake alivyopanga. Mkataba ulipokaribia kwisha, msimamizi wa mwenye ardhi, kijana mpole mwenye viatu safi, alikuja kumwambia hautafanywa upya. Isaac alikuwa mzee, hakuwa na mrithi, na walikwisha kupata mpangaji mwenye watoto. Kondoo wangebaki. Hiyo ndiyo desturi ya kule: mlima hauna ua, na kila kondoo huujua upande wake kwa kufundishwa na mamaye, kwa hiyo hawahamishwi. Hata alama zao, mkato wa sikio na doa jekundu begani, ni mali ya shamba. Anayehama ni mtu.

Isaac alimwambia msimamizi kwamba Ulthwaite haiwezi kukaa bila Ulthwaite, na kwamba ukoo wake ulikuwa pale kabla huyo mwenye ardhi hajapata hata jina. Msimamizi hakucheka. Alisema wakubwa zake wanapenda mambo ya kale, na kama mzee angeweza kuonyesha kwamba ukoo wake umekaa pale tangu enzi na enzi, angewaomba wamwachie walau nyumba, aishi humo mpaka afe. Sijui kama kijana alimaanisha au alitaka tu kuondoka salama. Isaac alilishika neno hilo kwa mikono miwili.

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa Shangazi Dinah, dada ya baba yake, aliyepita miaka tisini na kuishi katika nyumba ya wazee mjini Kendal. Macho yalikuwa yamekwenda lakini kichwa kilikuwa kizima. Isaac alimpelekea biskuti za tangawizi, akakaa kando ya kiti chake, akamwomba amtajie wazee wao kwa kurudi nyuma: babu Thomas, kisha baba yake Thomas, kisha baba yake huyo.

"Baba yake Thomas?" bikizee akatafuna kwanza. "Kwani baba yangu Thomas alikuwa na baba, mwanangu?"

"Kila mtu ana baba, Shangazi."

"Basi wake hatukumjua. Thomas alitoka nyumba ya maskini, walikolelewa watoto wasio na kwao. Alisimama sokoni Ulverston siku ya kuajiri vibarua, ameng'ata unyasi mdomoni kama walivyofanya wote waliotafuta kazi, na mzee wa Ulthwaite akamchukua."

Isaac akashusha pumzi. Huyo mzee basi, akasema, huyo ndiye Ulthwaite mwenyewe.

"Aliitwa hivyo, angeitwaje tena? Alikaa Ulthwaite. Lakini kwa ukoo alikuwa Dobson, na hakuacha mtoto. Thomas akabaki na kondoo, watu wakamwita Ulthwaite kama wanavyomwita kila mtu. Siku ya kuoa, kasisi akamuuliza jina, naye akatoa alilokuwa nalo."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuuliza. Nilidhani unajua. Baba yako alijua."

Akaomba biskuti nyingine. Isaac akampa, kisha akamwachia pakiti nzima mapajani.

Ningekuwa mimi, ningefunga mdomo. Nani angekwenda Kendal kumhoji kikongwe kipofu? Isaac angeweza kumpa msimamizi Wanorse wake wote na pengine angepewa nyumba. Hazel alimsihi kwa simu afanye hivyo, naye ni mtu asiyependa uongo. Lakini baba yake alichunga naye mlimani katika theluji moja, maisha yake yote, na alilijua jambo hilo akakaa nalo. Isaac alihisi amekuwa mgeni kwa wazee wake wote kwa siku moja, na hakuwa na nguvu ya kumdanganya mtu. Msimamizi alipopiga simu, alimwambia kwa kifupi, "Hakuna kitu, bwana. Mlete mtu wenu."

Akahamia chumba cha nyuma kwa Hazel, Preston, chenye dirisha linalotazama ukuta. Mpangaji mpya, Neil Pilling, aliingia na mkewe na watoto. Wanasema ni mfugaji mzuri.

Novemba Hazel alimrudisha bondeni kwa mkutano wa wachungaji, ambapo kondoo waliopotelea malisho ya wengine hurudishwa kwa wenyewe, kisha watu hula nyama ya kondoo na viazi kwa kabichi ya siki. Isaac alivaa koti lake zuri. Wakamkaribisha kwa moyo, wakampa nafasi ukutani karibu na zizi. Mshika kondoo alimnyanyua jike mmoja, akalitazama sikio, akalitazama bega, akaita kama ilivyoitwa siku zote:

"Ulthwaite."

"Nipo," akasema Isaac, na alikwisha kushika lango.

Pilling naye alikuwa amesimama. Akasita, uso umemwiva kwa haya. Watu wakatazama viatu vyao. Isaac akafungua lango, akasogea kando, akamwambia kijana apite, kondoo ni wake.

Birkhow, ambaye hajapata kuvumilia kimya, akataka kumwokoa rafiki yake kwa mzaha. "Sasa wewe, mzee, kuanzia leo tukuite nani?"

Wakacheka kidogo, kwa upendo, wakingoja jibu kali kama yale ya zamani. Isaac akalifunga lango nyuma ya kondoo. Akalitikisa mara mbili kuhakikisha limeshika. Kisha akaenda mezani.

Njiani kurudi, Hazel, aliyekuwa amengoja garini, alimuuliza mkutano ulikuwaje.

"Vizuri," akasema. "Kondoo wa Ulthwaite alikuwa amepotea. Mwenyewe amemchukua."