Maji Yaliyokataliwa na Mpika Chai

Nilipohamia Bwera, mji wa mpakani, na mume wangu, ambaye ni askari, sikudhani ningekuja kuwa mtu wa maji. Lakini mtambo mdogo wa kusafisha maji nje ya mji ulitaka mhudumu, nami nilikuwa nimesoma kemia sekondari. Nikapewa ufunguo na koti jeupe lililonipwaya.

Msimu wangu wa kwanza wa mvua, mto ulishuka na majani yaliyooza kutoka milimani. Maji yakawa na rangi ya kahawia. Nikaongeza klorini, yakanuka. Nikaongeza tena, yakanuka zaidi.

Siku ya tatu akaja mama mmoja Mkongomani, mpika chai katika soko la mpakani. Alitua jerikeni mbele yangu.

"Mama, maji yenu iko na harufu ya dawa. Batu banakataa chai yangu."

Niliona haya. Nikampigia simu msimamizi wetu, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita afande. Alikuja kwa boda kutoka Kisinga, akanusa glasi moja, wala hakunigombeza.

"Klorini ikikutana na ile majani yenye imeoza, inaleta hii harufu," alisema. "Toa uchafu kwanza. Klorini mwisho."

Tulipanga glasi kubwa sita za maji ya mto mezani. Kila moja tuliitia pamanganeti kwa kipimo tofauti, ile dawa ya zambarau inayounguza uchafu wa mimea, kisha shabu ya kukusanya tope. Nilikoroga polepole mpaka mkono ukafa ganzi. Glasi mbili zilibaki na rangi ya waridi.

"Hapo umezidisha," afande alisema.

Tatu za kipimo kidogo zilibaki za kahawia, lakini katika ile ya mwisho rangi ya waridi ilipotea. Madonge ya kahawia yakashuka taratibu, na juu yake maji yakabaki meupe kabisa. Nilicheka kwa sauti kama mwehu.

Tulifuata kipimo hicho kwenye matangi, tukachuja kwa mchanga, ndipo nikatia klorini, kidogo tu.

Kesho yake mimi mwenyewe nilimpelekea mpika chai jerikeni ya maji hayo. Alikunywa kikombe kizima cha maji matupu, amesimama, wateja wakimtazama.

"Hii sasa iko maji," alisema, akanivutia kiti.

Nilikunywa vikombe viwili vya chai pale.

Siku hizi mume wangu amehamishiwa kambini Kasese, huja mwisho wa juma. Aliniuliza kama ningependa kumfuata. Nilimwambia aendelee kuja yeye.